Wimbo wa Shahil

Hili lilimpata rafiki yangu Kefa, fundi redio pale Kikuyu, na mpaka leo hapendi kulizungumzia. Wivu ulikuwa unamla. Jirani yake, Shahil, muuza spika, alizijaribia kwa wimbo mmoja wa ilimba, ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, aliourekodi mwenyewe kule Hombolo. Aliukata kila mara kabla haujaisha, na kufikia hapo mteja alikuwa ameshanunua. Kefa, akiusikia tu, alisonya.

Ijumaa moja Shahil akamletea ufunguo. "Kaka, niangalizie duka, naenda kuswali."

Kefa akaingia, akaunakili ule wimbo kwenye flashi yake. Akarudi kwake, akafunga mlango na dirisha ili ausikie bila kelele za barabarani. Kukawa giza tupu. Akachomeka flashi kwenye redio, akabonyeza.

Ilimba ikalia tamu mpaka akauma meno. Safari hii hakuna aliyeukata. Ilimba iliponyamaza, spika ikatoa msonyo mrefu. Kefa aliujua. Ulikuwa wake.

Akazima redio, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Nyuma ya kiti chake, mtu akasonya.