Namba Saba Aliyejifunza Kurudi

Kengele ya shule ilipolia saa nane na nusu mchana, Novatus ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka darasani. Hakuna aliyeshangaa. Darasa la sita lote lilijua kwamba mtoto huyu wa Mzee Gregori hakuumbiwa kutembea. Alikimbia akienda mtoni, alikimbia akitumwa chumvi dukani Hedaru, na uwanjani, akiwa namba saba, alikimbia pembeni upande wa kulia mpaka mabeki wakabaki wameshika viuno, hoi. Sifa zilimwingia kichwani kidogo, tusidanganyane.

Nyuma yake alicheza Lemomo, namba mbili, mtoto wa Kimaasai ambaye boma lao lilikuwa tambarare, chini ya kijiji. Lemomo hakuwa na mbwembwe. Novatus alipopoteza mpira mbele akasimama kujipangusa jasho, Lemomo ndiye aliyepambana nyuma mpaka akaupata, kisha akamrudishia bila neno.

Jumamosi ile timu ilikuwa iende Same kwa lori la ushirika, kucheza nusu fainali ya kombe la wilaya. Mwalimu Melkizedeki alikuwa ameazima jezi za kweli, zenye namba mgongoni. Novatus aliota jezi ile hata akiwa macho.

Basi, Jumatatu ikawa zamu ya nyumba yao kuziba ndiva. Kijiji kile, kama vijiji vingi vya Upare, kiliishi kwa ndiva, yaani bwawa lililochimbwa na mababu juu ya mashamba. Jioni tundu lake huzibwa, maji ya mfereji hujaa usiku kucha, na asubuhi tundu huzibuliwa, maji yakaenda kwa mwenye zamu ya maji. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, na kila tone lilihesabika. Kwa kuwa baba yake alikuwa kibaruani kwenye mashamba ya mkonge, kazi ya kuziba ilimwangukia Novatus.

Kuziba si mchezo. Unasukuma gogo kwenye tundu, unalizungushia magome ya mgomba, unakandika udongo wa mfinyanzi na kuushindilia kwa kisigino. Kisha unakaa. Ndiyo, unakaa kitako ukingoni mpaka jua lizame, ukitazama kama maji yanapenya, maana udongo mbichi hujifanya umeshika kumbe haujashika. Wazee wa kijiji hawakumhesabu mtu kuwa ameziba kama hakukaa.

Novatus alikandika, akashindilia mara tatu nne, halafu akasikia filimbi ya Mwalimu uwanjani. Akatazama udongo. Ulionekana mzima. "Ah, umeshika huu," akajiambia, akatimua mbio kwenda mazoezini.

Asubuhi ndiva ilikuwa tope tupu.

Zamu ya maji siku hiyo ilikuwa ya Bibi Jenoveva, mjane aliyeishi peke yake na ambaye maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Zamu nyingine angeipata baada ya wiki mbili. Bibi alisimama ukingoni na jembe lake begani, akatazama lile tope, wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi mwaka huu nimekwisha." Novatus alitamani ardhi immeze.

Ndugu Daudi, mwenyekiti wa kijiji, aliinama kwenye tundu. "Hizi alama za kwato ni za nani?"

Lemomo alikuwa amesimama pale na daftari zake, akielekea shuleni. "Shikamoo, Mzee. Ni za ndama wetu. Jana jioni niliwanywesha kule chini, mahali tuliporuhusiwa. Wawili walipanda juu, nikawafukuza mara moja. Tundu hawakuligusa."

"Ndama hao walikuahidi hawataligusa?" Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. "Tumewapa ninyi maji kwa wema, mnatuvunjia ndiva! Alhamisi, kijiji kizima kikikutana kazini kwenye msaragambo, tutaamua. Kwa maoni yangu, ng'ombe wa boma lenu wasionje tena maji ya mfereji huu. Na wewe usionekane huku mpaka tuamue."

Lemomo akamtazama Novatus. Alijua nani alikuwa na zamu ya kuziba, na alimwona akikimbilia mazoezini. Angeweza kusema. Hakusema. Alikunja daftari zake akateremka tambarare, mahali ambapo mito yote ilikuwa imekauka.

Novatus naye akapiga hesabu. Akisema ukweli, kwaheri Jumamosi, kwaheri jezi. Akinyamaza, ng'ombe wa kina Lemomo watanywa nini?

Jumatano jioni wachezaji, Lemomo akiwa hayupo, walialikwa chai na Bwana Tosteni, fundi wa maji kutoka Uswidi aliyekuja kusaidia vijiji kuvuta mabomba. Jina lake halisi lilikuwa Torsten, lakini ulimi wa kijiji ulikuwa umeshalitengeneza. Mzungu huyu mwenye mvi alipanda mlima kwa kasi kuliko vijana, na Mwalimu alikuwa amewadokezea siri: zamani alikuwa mchezaji wa kulipwa. Winga. Namba saba!

"Bwana, ulianzaje?" Novatus aliuliza, akisahau shida yake kwa muda.

"Baba yangu alikuwa mpasua mbao," Bwana Tosteni alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Kwetu theluji hufika magotini. Uwanja hakuna miezi mitano. Nilikimbia kando ya reli kila asubuhi kabla ya shule, mahali theluji imefagiliwa, na mpira wangu miguuni. Nikiukosea, unaangukia kwenye theluji, naufukua kwa mikono. Kwa hiyo nilijifunza kutoukosea."

"Lo!" wakasema wote.

Aliwasimulia alivyoitwa timu kubwa akiwa na miaka kumi na saba, alivyokwenda kucheza Italia, uwanja umejaa watu kuliko Same na Hedaru zikiwekwa pamoja, na alivyocheza misimu kumi na minne. Athumani, golikipa, aliuliza alifunga magoli mangapi. Themanini na sita. Vijana walishika vichwa.

"Una picha?"

Bwana Tosteni akaleta kipande cha gazeti kilichobadilika rangi. Walisongamana kuona shuti kali. Kumbe wapi! Pichani mtu mwenye namba saba alikuwa amelala kwenye matope, kwenye mstari wa goli, akiuzuia mpira kwa mguu.

"Mbona hili ni goli lenu wenyewe?" Novatus akauliza. "Winga anafanya nini huku?"

Bwana Tosteni akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nikiwa kijana, siku moja nilipoteza mpira mbele nikasimama tu, mikono kiunoni. Namba mbili wetu akabaki peke yake na watu wawili. Tukafungwa. Kocha akamlaumu yeye, akamtoa kwenye timu. Nilijua kosa ni langu. Nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne nikamwambia kocha."

"Akasemaje?"

"Aliniweka nje mechi sita."

"Sita!"

"Sita. Niliumia, sikudanganyi. Lakini hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu. Kwenda mbele nilijua tangu mtoto. Kurudi sikujua." Akagusa ile picha. "Hii ni fainali, miaka mingi baadaye. Sikufunga siku hiyo. Nimekuja Tanzania na picha hii moja tu."

Chai ya Novatus ilipoa kikombeni.

Alhamisi baragumu lililia alfajiri na kijiji kizima kikapanda kwenye ndiva na majembe. Hakuna anayekosa msaragambo. Kazi ile ni ya wote, tangu enzi za mababu, kabla hata ya siasa ya Ujamaa. Mzee Sankale, baba yake Lemomo, alikuwepo na mwanawe, wamesimama kando. Ndugu Daudi alipokohoa ili aanze, Novatus alijikuta mbele ya watu wote.

"Shikamooni wazee wangu. Si ndama. Ni mimi. Sikukaa kutazama. Nilikandika haraka nikaenda mpirani. Nilitaka jezi."

Mama yake alifunika uso kwa kanga. Ndugu Daudi alimtazama mtoto, akawageukia watu wa bomani, akavua kofia yake.

"Mzee Sankale, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Maji ni yenu kama yalivyo yetu." Kisha akamgeukia Novatus. "Na wewe, Jumamosi huendi Same. Utachota maji yaliyobaki kwenye mto wa huku juu, umwagilie maharage ya Bibi Jenoveva, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho."

Jumamosi lori liliondoka likiimba. Novatus alilisikia likikata kona ya mwisho, machozi yakamlenga, lakini akainua ndoo. Kutoka mtoni hadi shambani ni mwinuko wa kukata pumzi. Alikuwa katika safari ya tano alipoona mtu anateremka na madebe mawili.

"Bwana Tosteni! Hukwenda kutazama mpira?"

"Leo mawinga tuko huku," mzee akasema, na akaanza kupanda mlima karibu mbio.

Bibi Jenoveva aliangua kicheko. "Jamani, huyu mzungu ana akili timamu? Anakimbilia nini?"

"Alikuwa winga, Bibi."

"Winga ndiyo nini?"

"Ni yule anayekimbia pembeni kwenda mbele," Novatus akasema, akahema. "Na kurudi."

Hadi saa kumi kila shina lilikuwa limekunywa. Siku nne baadaye maua yalikuwa bado yameshika, na Bibi akampelekea mama yake Novatus mkungu wa ndizi bila maelezo.

Lori lilirudi jioni ile ile ya Jumamosi. Lemomo alikuwa wa kwanza kuruka. Jezi yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi, na mkononi alishika nyingine, safi kabisa, namba saba.

"Sare, goli moja kwa moja," akasema. "Marudiano ni hapa kwetu, Jumamosi ijayo. Aliyecheza nafasi yako alivaa kumi na mbili. Hii tulikataa isivaliwe."

Novatus alimshika rafiki yake bega.

Siku ya marudiano, timu yao ikiongoza kwa goli moja, dakika za mwisho Novatus alipokonywa mpira mbele kabisa. Lemomo akabaki peke yake na watu wawili. Mmoja akampita. Alipoinua mguu kupiga, akatokea namba saba, ametoka mwisho wa uwanja, akajitupa kwenye vumbi na kuutoa mpira nje. Kijiji kikalipuka kwa shangwe. Pembeni mzungu mwenye mvi aliruka kama mtoto, kofia ikamdondoka.

Baadaye Mwalimu Melkizedeki aliwakalisha wachezaji chini. "Wanangu, mbio mmepewa na Mungu, hakuna wa kuwasifu kwa hizo. Mtu asifiwe kwa kukaa na kazi yake mpaka iishe, na akikosea, arudi mwenyewe kusema nimekosea kabla mwenzake hajabebeshwa lawama. Novatus, leo ulirudi mara moja uwanjani. Lakini mimi nakusifu kwa Alhamisi ile."

Novatus aliinamisha kichwa, akitabasamu. Kisha akatazama jua, akashtuka, akavua jezi na kumkabidhi Mwalimu.

"Unakimbilia wapi tena?" Lemomo akauliza.

"Ndiva! Leo ni zamu yetu."

"Ngoja basi, tukakae wote."

Wakapanda pamoja. Wakakandika, wakashindilia, wakakaa ukingoni wakibishana kuhusu lile goli la ushindi, mpaka jua likazama na tundu likawa kavu kabisa, bila tone kupenya.