Faan Maana Yake Kurudi

Mshona mapazia alikutana na fundi lifti kwenye mlango wa lifti iliyogoma, saa ya watu kutoka kazini, ukumbi umefurika. Yeye kakumbatia majora mawili ya kitambaa, gauni lake la njano limejaa nyuzi. Fundi, kwenye ovaroli ya buluu, anaongea na simu kwa lugha ngeni.

"Ngo faan gung," akamaliza, akakata.

"Unamsengenya nani?"

"Namwambia dada narudi kazini. Ni Kikantoni, lugha ya mama yangu. Faan ni kurudi."

"Basi irudie lifti yako, mwalimu. Mikono yangu inakufa."

Fundi alicheka, akamtwalia majora yote na kupanda nayo ngazi mpaka karakana ya mshonaji.

Toka hapo haikupita jioni bila simu, utani, na neno jipya la Kikantoni. Mapenzi yakanoga.

Siku moja mshonaji akamsikia fundi ngazini, anakuja, anaongea na yule dada aliyeko ng'ambo, ambaye kila mara alimsihi ahamie kwake.

"Ngo faan uk kei."

Uk kei alishafundishwa: nyumbani. Moyo ukampasuka. Kumbe mwenzake anarudi ng'ambo, na kwake hajafungua kinywa. Akatia komeo, akasema kwa ndani kichwa kinamuuma. Simu zilizofuata akaziacha zilie mpaka zichoke.

Mwishowe fundi akaja mchana kweupe, shati limepigwa pasi, wateja wamejaa.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Nenda kwenu. Nilikusikia, faan uk kei."

Fundi akajikalia juu ya jora. "Dada aliniuliza naelekea wapi. Nilikuwa naja hapa."

"Tangu lini kwangu kukawa kwenu?"

"Sikiliza. Asubuhi ukienda kazini, unasema faan. Shuleni, faan. Sokoni husemi, labda uwe na kibanda huko. Neno hilo ni la mahali ulipo mwenyeji. Dada alinielewa, akaacha kunisihi."

Mshonaji akasimamisha cherehani. Mteja mmoja akajifanya anapima pazia.

"Na kwa mwanamke mwingine, mnasemaje?"

"Huko hata njia siijui."

Mshonaji akainama kuficha tabasamu, halikufichika.

"Nataka kukuoa," fundi akasema mbele ya wote, sauti imetulia.

"Ndoa haiombwi juu ya jora la mteja. Shuka. Jumapili mama yupo nyumbani. Njoo na mjomba wako. Ukija peke yako atauliza nimekuokota wapi."

Fundi akashuka.