Jina Lililookotwa Nguba

Mchana kweupe, mvua ikinyesha Nguba, mtaa wa Bukavu, Cibalonza alidhani mume wake amesharudi, akamwita aje kula. "Venant!" Sauti ya mume ikajibu kutoka chumbani: "Niko." Akapakua ugali. Ndipo mlango wa mbele ukafunguka, na mume huyohuyo akaingia kutoka kazini, koti lake la abacost limelowa kuanzia mabegani.

Naye aliisikia ile sauti. Haya, mwanaume asikie sauti ya mwanaume chumbani kwake, atafikiri jini? Alifikiri hawara. Akapindua kitanda, akafungua kabati, hakuona mtu, na hilo halikumpoza hata kidogo. Sauti iliporudia mara ya tatu akasema basi: Jumamosi mwanamke anarudi kwa baba yake, kijijini Nyantende, na watoto wanabaki, hata yule wa kunyonya.

Cibalonza akamkimbilia Maman Mapendo, assistante sociale, yaani afisa ustawi, wa foyer ya mtaa, pale wamama walipopeleka shida za nyumba. Alikuwa Mwislamu, binti wa mwalimu wa Kurani wa Kasongo, na miaka minane alikuwa akipatanisha familia za Bukavu, nyingi zao za Kikristo. Mkali huyo! Ukimnyang'anya mke mtoto wake, alikufuata mpaka ofisini na kukuaibisha mbele ya wakubwa zako. Kazi aliifanya kwa namna yake. Watu wavue viatu, wakae mkekani, yeye aseme bismillahi, kisha amwite kila mmoja kwa jina alilopewa na mama yake. Mtu ajibu "niko", ndipo aseme yaliyo moyoni. Aliamini kwamba mtu akiitwa jina la utotoni, uongo unamshinda.

Ijumaa, baada ya sala, alikuwa mkekani kwao.

"Cibalonza."

"Niko, maman."

"Na wewe, citoyen Bisimwa, mama yako alikuita nani?"

Mume akatazama dirisha. Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali ikataze majina ya Kizungu na kila mwanaume aitwe citoyen, naye alikuwa mtu wa Chama. "Ile jina nilishaitupa. Bibi yangu huyu, mama ya watoto, yeye tu njo anaitaita. Jirani akinisikia naitika, kazi yangu imekwisha."

"Kwenye mkeka wangu hakuna serikali," akasema maman. Akaita, "Venant."

"Niko," ikajibu sauti kutoka chumbani.

Bisimwa alikuwa mbele yao, mdomo wake umefungwa.

"Unasikia?" Cibalonza akanong'ona, machozi yakimtoka. "Miye sina bwana mwingine. Ni ile!"

Kandambili zikaanza kuburuzwa juu ya saruji, taratibu, jinsi Bisimwa mwenyewe alivyotembea akiwa amechoka, na harufu ikatangulia, harufu ya nguo zilizosahaulika siku nyingi ndani ya ndoo, na Maman Mapendo akashika tasbihi akasoma Ayatul Kursiyyu, akasoma tena, na miguu ile ikasimama nyuma ya pazia la mlango wa chumba lakini haikurudi, na mtoto akaachia ziwa la mama, akageuka, akacheka na kunyoosha mikono vile alivyomfanyia baba yake kila jioni, kisha akashuka na kutambaa kuelekea pazia, na Cibalonza akataka kumshika lakini mwili ukamkatalia, na pazia likajaa kwa ndani kama mtu ameegemeza kifua.

Hofu ilimbana maman, lakini akili yake ilikuwa bado inafanya kazi. "Citoyen, umetupa jina, kuna aliyeliokota! Bibi yako anaita kila siku, wewe hauitike, yeye anaitika. Itika wewe!"

"Dirisha iko wazi, maman!"

"Na mutoto wako anaenda kwake!"

Bisimwa akaruka juu. "Venant ni miye!" akapiga kelele, nyumba nzima ikasikia, na barabara pia. "Miye, Venant, mutoto wa Georgette wa Mudaka! Niko! Niko! Niko!"

Pazia likalala. Harufu ikakatika. Ng'ambo ya njia dirisha la jirani lilifunguka, likafungwa, na Bisimwa aliliona, lakini tayari alikuwa amembeba mtoto na kupiga magoti kwa mkewe. "Unisamehe," alisema. "Hauende popote."

Maman Mapendo alirudi foyer akiwa na furaha, na aibu kidogo. Alikuwa amemtaka mwenzake ujasiri ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Mapendo lilikuwa jina la kitabu cha kazi tu. Directeur wa foyer alisema majina ya Kiarabu nayo ni ya kigeni, naye akaliacha lile alilopewa na mama yake, kwa kuogopa kupoteza kazi. Tangu mama yake afariki, hakuna aliyemwita lile lingine.

Kwenye korido, Philémon, mlinzi, alikuwa ameshika barua iliyotoka Kasongo.

"Maman, hii barua ni ya nani? Wameandika Zulfa." Akageukia ofisi zote, akaita kwa nguvu: "Zulfa!"

"Niko," ikajibu sauti ya mwanamke nyuma ya mlango wa ofisi ambayo maman aliifunga mwenyewe asubuhi. Ilikuwa sauti yake.

Alijua la kufanya. Akafungua mdomo. Mwisho wa korido, directeur alikuwa ametoa kichwa kuona ni nani huyo Zulfa anayeitwa, naye maman akafunga mdomo tena.

Kitasa kikaanza kuzunguka kwa ndani. Ufunguo alikuwa ameushika mkononi.