Mgeni wa Behewa la Mwisho

Kwanza yalikuwa maharage. Maharage ya Edileuza yalisifika kwa kuwafanya majirani wa ghorofa nzima wagundue ghafla kwamba wameishiwa sukari, waje kuazima na kijiko mkononi. Jumatatu hiyo mumewe, Genivaldo, alitia tonge mdomoni, akatafuna, akameza, akangoja. Hakuna kitu. Si kwamba chumvi ilipungua. Ilikuwa kama kutafuna maharage yaliyochorwa kwenye karatasi.

"Mke wangu, leo umepika au umeyaonyesha moto kwa mbali tu?"

"Nimetia chumvi mara mbili, na nyama ya kukausha juu yake. Usinichokoze, Genivaldo."

Alikuwa na mimba kubwa na mwiko mkononi, na mwenye vitu hivyo viwili kwa pamoja habishiwi. Genivaldo akaendelea kula. Alipomaliza sahani alikuwa na njaa zaidi kuliko alipoanza.

Nje treni ikapita. Upande wao wa mashariki ya São Paulo, treni ya reli moja hupita juu ya boriti ya zege usawa wa madirisha ya jikoni, karibu kiasi kwamba abiria wanajua nani leo kala mayai tena. Haigongi chuma, inatembea kwa matairi ya mpira, inavuma tu, vuuuum, imekwenda. Siku hiyo ilikwenda, lakini mvumo ukabaki. Ulikuwa unatoka ndani ya sufuria.

"Umesikia?" Edileuza alinong'ona.

"Tumbo langu hilo," Genivaldo akajibu, akacheka peke yake.

Wiki zikapita. Edileuza alikula kama kikosi cha askari na kukonda kama kamba ya kiatu. Kazini kwake, dukani kwa mikate pale kona, alikaa kwenye mashine ya fedha akimwambia kila mteja "Nenda na Mungu, karibu tena", na maneno hayo yalikuwa yamemkaa mdomoni hata usiku. Genivaldo aliwahi kuambiwa karibu tena kitandani, asijue ashukuru au aulize bei. Sasa sauti yenyewe ilikuwa imefifia. Nesi wa zahanati alimpima tumbo, akapima tena, akaacha utani.

"Dada, mtoto hakui. Unakula kweli wewe?"

Nyumbani, kila walipopakua, jiko lilijaa harufu ya mpira ulioungua. Na kile kiti cha tatu, cha wageni, mto wake ulikuwa umebonyea katikati. Genivaldo aliutikisa, akauumua, akaurudisha. Alipogeuka ulikuwa umebonyea tena, taratibu, kama mtu anayejiweka sawa.

Ndipo akaja mama mkwe. Dona Zulmira aliwaombea wagonjwa wa mtaa kwao kwa vitawi vya majani machungu, bila kupokea hata senti, na kwa mkwewe hakuwahi kutoa hata tabasamu. Aliingia, akanusa, akatazama kiti.

"We Genivaldo. Umemkaribisha nani humu?"

"Nimekukaribisha wewe mama, tena kwa moyo mzito."

"Sitanii. Mwanangu anaisha. Umemkaribisha nani kwenye chakula?"

Genivaldo alifungua mdomo atoe kichekesho kingine, akaufunga, kwa sababu alikumbuka.

Alikuwa mhudumu wa treni ile. Treni haina dereva, inajiendesha yenyewe, kwa hiyo kampuni humweka binadamu mmoja ndani ili abiria wapate wa kumlaumu. Mchana mmoja, kwenye kituo cha mwisho, alikaa behewa la nyuma kabisa na kufungua kibakuli chake. Kwa pembe ya jicho aliona mtu kiti cha dirishani. Akafanya anachofanya kila mtu aliyelelewa: "Karibu tule." Na kila mtu aliyelelewa hujibu: asante, kula kwa afya. Ndivyo ilivyo kule. Hakuna anayekula kweli.

"Yeye alijibu nini?" Dona Zulmira aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alijibu, 'Haya.'"

Edileuza akashika tumbo.

"Nikainua kichwa, hakuna mtu. Mto wa kiti tu, umebonyea. Nikasema ni uchovu."

"Uchovu!" Mama mkwe alishusha pumzi. "Viumbe hawa wanaishi katikati, si ardhini wala mbinguni. Nyie mmewajengea barabara usawa wa miguu yao, halafu wewe ukampakulia. Lete ufagio."

Kila nyumba kule inajua dawa ya mgeni asiyeondoka: ufagio nyuma ya mlango, nyasi juu, mpini chini. Dona Zulmira akausimamisha. Mto ukaumuka polepole. Nyayo zisizoonekana zikavuka sakafu, harufu ya mpira ikawapita usoni, ikasimama mlangoni ikingoja, na Genivaldo, kwa furaha na kwa malezi yake yote mema, akaruka akamfungulia mlango.

"Mungu wangu," alisema Dona Zulmira. "Mpumbavu mwenye adabu!"

Maana hilo nalo kila nyumba inalijua: mgeni akifunguliwa mlango na mwenyeji, atarudi. Akijifungulia mwenyewe, hatakanyaga tena. Kabla kahawa haijapoa, mto ulikuwa umebonyea, na kutoka kwenye kiti kile ikatoka sauti ya upole, ya mtu aliyeshiba lakini si sana:

"Bado kuna kinachoiva."

Hawakuwa na haja ya kuuliza ni nini.

"Ufagio haumtoi mgeni mara mbili nyumba ile ile. Tunamrudisha alikokaribishwa," Dona Zulmira alinong'ona, akimkumbatia bintiye. "Treni yenu milango inajifungua yenyewe, inamfungulia kila anayeshuka. Hakuna mlango wa kufungua kwa mkono?"

"Kipo kitasa cha dharura. Lakini kinakubali treni ikisimama tu."

Msimu ulikuwa wa mvua, na kila alasiri radi ilikuwa inaisimamisha treni juu ya boriti. Kesho yake wakapanda behewa la mwisho wote watatu, ufagio mkononi mwa mama mkwe na sufuria ya maharage mapajani mwa Edileuza, kwa sababu mgeni hufuata sahani. Wingu likaja, jeusi. Abiria wenye akili walishuka mapema.

"Mikono chini ya makalio, Genivaldo," mama mkwe aliamuru. "Wewe pia, mwanangu. Asifunguliwe na mtu."

Radi ikapiga, taa zikazimika, treni ikasimama juu ya barabara kuu katikati ya vituo, na mchana ukawa giza tupu. Dona Zulmira akausimamisha ufagio, nyasi juu, na harufu ya mpira ulioungua ikaja kwanza kidogo, halafu nyingi, halafu hadi macho yakatoa machozi, na umeme ulipomulika, kiti cha mbele yao kilikuwa kitupu lakini kwenye kioo cha dirisha kando yake palikuwa na mtu, mrefu, ameinamisha kichwa kwa heshima, mikono imetulia magotini kama anayesubiri kupakuliwa, na macho yake hayakuwa kwenye sufuria, yalikuwa kwenye tumbo la Edileuza, na yalibaki hapo umeme ulipozimika na yalikuwa hapo hapo ulipomulika tena, ila sasa yule mtu alikuwa amesimama.

"Mlango," ilisema sauti, kwa adabu.

Mikono ya Genivaldo ilimwasha. Maisha yake yote hakuwahi kumwacha mgeni mlangoni. Akaikalia kwa nguvu zote, jasho likimchuruzika.

"Mlango, tafadhali."

"Ukae hivyo hivyo, mkwe wangu," alinong'ona Dona Zulmira. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila kejeli.

Kisha kitasa chekundu, peke yake, kikaanza kushuka. Taratibu. Kikalia ka! Mlango ukasukumwa pembeni, upepo na mvua vikaingia, na mvumo ukatoka, vuuuum, ukaenda zake juu ya boriti tupu, mbali, mbali zaidi. Harufu ikakatika kama iliyopigwa kwa panga. Kutoka kwenye sufuria ikapanda harufu ya kitunguu saumu, majani ya viungo, nyama ya kukausha. Genivaldo akachota kwa kidole, akalamba, akalia. Chumvi! Chumvi tele! Mama mkwe akacheka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

Edileuza naye alikuwa anatabasamu, macho kayafumba, amechoka, ametua. Aliugeukia mlango ulio wazi kama anavyougeukia kila siku, tangu asubuhi hadi jioni, mlango wa duka la mikate.

"Nenda na Mungu," akasema kwa upole. "Karibu tena."

Kicheko cha Dona Zulmira kilikatika. Edileuza akafumbua macho, akaweka mkono mdomoni, amechelewa.

Kule mbali juu ya boriti mvumo ukasita.

Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyesogea. Kisha mlango ukajivuta polepole, ukafungwa, kwa ndani, na mto wa kiti kilicho pembeni ya Edileuza ukabonyea.