Chanjo Si Chale

Kwa Mama Karwirwa hakuna mtu aliyekula peke yake. Watu themanini na wanne walikula kutoka jiko moja. Walilima shamba moja la mahindi na viazi. Wote walifunga kitambaa cheupe kichwani, wanaume kwa wanawake. Asubuhi waliamka kwa wimbo. Boma lao lilikuwa juu ya mji mdogo wa Nkubu, karibu na msitu, na watu wa nje waliliita Kwa Weupe.

Mwaka ulikuwa 1955, wakati wa Hali ya Hatari. Boma lilizungukwa na handaki, kama vijiji vingine vyote. Langoni walisimama homgadi, wale askari wa kijiji, na bunduki zao. Ukitoka unapapaswa. Ukirudi unapapaswa tena, kana kwamba viazi vimegeuka risasi njiani.

Mama Karwirwa alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Hakujua kusoma, lakini alijua kila mtu analia kwa nini. Walevi waliacha pombe mbele yake. Wajane walipata nyumba kwake. Akisema "Simameni," hata mbuzi walisimama.

Alikuwa na sheria moja kubwa: mwili usiwe na alama. Watu wake hawakutoga masikio. Hawakuchanjwa chale na mugaa, yaani mganga wa kienyeji. Hawakula kiapo cha wapiganaji wa msituni, waliopigana na serikali ya wakoloni. Siku hizo watu walisema kwamba wanaokula kiapo wanakatwa mkononi. Homgadi walipokuja kukagua, watu wa Mama walikunja shati, wakaonyesha mikono safi. Homgadi wakaenda zao. Katika vijiji vya jirani wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa. Kwa Mama Karwirwa hakuchukuliwa hata mmoja. Kwa hiyo msimcheke kwa sheria yake. Ilikuwa imewaokoa.

Wambeti aliishi hapo na mumewe Mwirigi na mtoto wao Kawira, wa miezi minane. Wambeti alikuwa mzaliwa wa Embu. Mwirigi ndiye aliyesoma Kitabu kwenye sala. Alikuwa amemfundisha mkewe kusoma, na sasa Wambeti alisoma neno moja moja, akifuata kwa kidole.

"Pole pole, Mama Kawira," Mwirigi alimtania. "Kidole chako kitatoboa karatasi."

"Wacha itoboke," Wambeti alijibu. "Nitasoma ya chini."

Ijumaa moja, kijana wa shamba aitwaye Njura alirudi kutoka shambani akitetemeka kwa homa. Alikuwa ametembelea dada yake katika kijiji cha Kianjai majuma mawili kabla. Jumatatu uso wake ulitoka vipele.

Kwa Mama Karwirwa, mgonjwa hakuachwa na ugonjwa wake. Walikuwa na desturi waliyoiita kubeba blanketi. Blanketi la mgonjwa lilipita kwa watu wote. Kila mmoja alijifunika kidogo na kuomba, ili mzigo wa mmoja ugawanywe. Ilikuwa desturi nzuri sana kwa mtu mwenye huzuni. Kwa mtu mwenye vipele vile, ilikuwa hatari kubwa.

Blanketi lilipofika kwa Wambeti, Kawira alikuwa mgongoni. Wote wawili walifunikwa. Kisha Wambeti alikwenda kumpa Njura uji, akamtazama usoni kwa karibu. Bakuli likamtoka mkononi.

Alivijua vipele hivyo. Vilimuua kaka yake huko Embu.

Katika boma lile, mtu yeyote aliruhusiwa kusimama kwenye sala na kufungua moyo wake. Wambeti alisimama. 

"Mama, hii ni ndui," alisema. "Haigawanyiki kama mzigo. Yeye anabaki nayo yote, na sisi tunapata yetu. Naomba tumwite dresa, tabibu wa zahanati ya Nkubu."

Watu walinong'ona. Mama Karwirwa alimsogelea.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nilimzika kaka yangu, Mama."

"Basi aitwe."

Dresa alifika Jumanne kwa baiskeli. Alikuwa mtu mfupi mchangamfu, na sanduku lake lilifungwa nyuma kwa mpira.

"Jina langu ni Njoka," alisema. "Msiogope. Mimi ni nyoka asiyeuma. Sindano yangu ndiyo inauma, tena kidogo tu."

Hakuna aliyecheka. Alimtazama Njura, na yeye mwenyewe akaacha kucheka.

"Ni ndui kweli. Huyu akae nyumba ya peke yake. Bakuli lake liwe lake. Nguo zake zichemshwe. Hilo blanketi mnalozungusha, lichomeni leo. Ndui inakaa kwenye nguo. Inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Amwangalie mtu ambaye aliugua zamani akapona, kwa maana ndui hairudi mara ya pili."

Mzee Kiogora, ambaye uso wake ulijaa makovu tangu utotoni, aliinua fimbo yake. "Huyo ni mimi. Mimi na ndui tulimalizana zamani."

"Vizuri sana, mzee," Njoka alisema. "Na nyinyi wengine wote, kesho nitawachanja."

Hapo mambo yaliharibika.

"Umesema nini?" Mama Karwirwa aliuliza.

"Nitawachanja, Mama. Mkononi."

"Hapa hatuchanjwi!" Sauti yake ilijaa uwanja. "Mugaa anachanja. Watu wa msituni wanachanja. Wewe pia umekuja kutuchanja? Kitabu kimekataza!"

"Lakini hii si chale, Mama. Hii ni chanjo."

"Chale, chanjo, zote ni kukata! Mwirigi, soma!"

Mwirigi alifungua Kitabu. Alijua mahali, maana alikuwa amesoma hapo mara nyingi.  Lakini alimtazama Kawira mgongoni mwa mama yake, akashusha Kitabu.

"Nipe mimi," Wambeti alisema.

Alichukua Kitabu. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma pole pole kwamba mtu asiukate mwili wake. Kila siku, msomaji alipofika hapo, Mama Karwirwa aliinua mkono na watu wakaanza kuimba. Aliinua mkono hata sasa. Wimbo ulianza.

Wambeti hakuwaona. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Mtu anayejifunza kusoma hawezi kuruka neno, na kidole chake kilikuwa hakijafika kwenye nukta. Aliendelea mbele, na sauti yake ikapanda juu ya wimbo.

"Kwa... sababu... ya... wafu."

Wimbo ulikatika.

"Rudia," Mama Karwirwa alisema.

"Asiukate mwili wake kwa sababu ya wafu. Ndivyo imeandikwa, Mama. Haiishii pale tunapoishia."

Mama Karwirwa alimgeukia Mwirigi. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama. Ulikuwa unainua mkono. Mimi nilikuwa naacha."

Watu walingoja ngurumo. Mama Karwirwa aliketi kwenye kigoda. Kisha alimwita Njoka karibu.

"Nieleze kama mtoto. Chale ni nini na hii yako ni nini?"

Njoka alikunja shati lake. Kwenye mkono wake wa kushoto kulikuwa na kovu dogo la mviringo.

"Mugaa anakata nyama kwa wembe, anapaka majivu yake. Wembe huo huo anakata mwingine. Mimi nachemsha sindano. Naweka tone moja la dawa juu ya ngozi, kisha nagusa hapo kwa ncha ya sindano. Mwili unajifunza kupigana na ndui kabla ndui haijaja. Hii yangu nilichanjwa miaka kumi iliyopita. Nimeshika wagonjwa wengi wa ndui, na bado mnaniona."

"Sisi tulishajifunika blanketi jana. Hatujachelewa?"

"Mkichanjwa kesho, wengi wenu hamjachelewa. Mkingoja juma moja, nitarudi na jembe."

Mama Karwirwa alimtazama Kawira. "Huyu si mfu," alisema. "Hii haitakuwa chanjo ya wafu. Ni ya walio hai. Nimekosea mbele yenu wote, na aliyenionyesha ni Wambeti."

Machozi yalimtoka Wambeti bila yeye kujua. Lakini Mwirigi bado alikuwa na hofu.

"Mama, na homgadi? Watu themanini wenye alama mpya mkononi! Watasema tumekula kiapo wote kwa siku moja. Watatumaliza."

Hilo lilikuwa kweli. Njoka mwenyewe alikuna kichwa. Mama Karwirwa alisimama, akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda moja kwa moja langoni. Watu walimfuata.

Koplo Runji, mkubwa wa homgadi, alikuwa mtu wa kifua kipana na maneno makali.

"Koplo," Mama alisema, "nimekuja kuchukua mkono wako."

"Mkono wangu?"

"Wa kushoto. Kesho tunachanjwa ndui. Wewe na watu wako mnachanjwa pamoja nasi, mahali pale pale. Alama yetu iwe alama yenu."

Runji alicheka. "Mimi ni askari wa serikali. Ndui ya weupe inanihusu nini?"

"Ijumaa Njura alirudi akitetemeka kwa homa. Ni nani alimpapasa hapa langoni?"

Kicheko kilikwisha. Homgadi mmoja alisogea hatua mbili mbali na koplo wake.

"Saa ngapi kesho?" Runji aliuliza.

Asubuhi ya Jumatano meza iliwekwa uwanjani. Njoka alihitaji mtu wa kuandika majina, na Mama Karwirwa alimpa Wambeti daftari na kalamu. Mama alikuwa wa kwanza. Alikunja nguo yake, akatoa mkono ambao haukuwahi kuguswa na wembe wala sindano.

"Gusa," alisema. Njoka aligusa. "Ni hiyo tu? Mbu wa Embu anauma kuliko wewe!"

Sasa watu walicheka. Kawira alilia kidogo, akanyonya, akasahau. Koplo Runji alifumba macho na kugeuza uso, na vikongwe walimwimbia wimbo wa kumbembeleza mtoto. Wambeti aliandika majina tisini na matatu, ya weupe na ya homgadi, kwenye ukurasa mmoja.

"Sikilizeni," Njoka alisema kabla ya kuondoka. "Baada ya siku tatu au nne kitatoka kipele. Kitajaa usaha, na mtoto anaweza kuwa na homa. Hiyo ni dawa inafanya kazi. Msikune. Msipake majivu wala mavi ya ng'ombe. Pawe pakavu na pasafi. Gamba litaanguka lenyewe baada ya majuma matatu."

Siku ya nane Kawira alipata joto. Kipele chake kilijaa. Mwirigi aliingia ndani ameshika majivu.

"Baba Kawira, rudisha hayo jikoni," Wambeti alisema.

"Mtoto anaungua!"

"Dresa alisema ataungua kidogo. Tumnyweshe maji, nimnyonyeshe, tungoje. Wewe ulinifundisha kusoma. Sasa mimi nakufundisha kungoja."

Mwirigi alirudisha majivu. Baada ya siku mbili joto lilishuka. Mtoto alicheka na kumvuta baba yake ndevu.

Majuma matatu yalipita, kisha manne. Njura alitoka katika nyumba yake, uso una makovu lakini yu hai, akimwegemea Mzee Kiogora. Nguo zake zilichemshwa na nyumba ikasuguliwa. Katika watu wote wa boma na wa langoni, hakuna mwingine aliyepata ndui. Hata mmoja! Waliimba siku nzima, na mbuzi wawili walichinjwa.

Siku Njoka aliporudi kukagua makovu, lori la askari wageni lilisimama langoni. Sajini wao alishuka. Aliona kovu jipya kwenye mkono wa mtu wa kwanza. Akaona kwa wa pili. Akaona kwa wa tatu.

"Kiapo!" alipiga kelele. "Kijiji kizima kimekula kiapo! Wote kaeni chini!"

Askari waliinua bunduki. Wambeti alimkumbatia Kawira. Mama Karwirwa hakukaa chini.

Koplo Runji alitoka kwenye zamu yake. Alifungua kifungo cha shati la kazi, akakunja mkono wa kushoto. Kovu lilikuwa hapo. Homgadi wake kumi walikunja mikono yao.

"Afande," Runji alisema, "kama hiki ni kiapo, basi na mimi nifunge. Hii ni chanjo ya ndui. Alama yao ndiyo alama yangu. Dresa ni huyu, na majina yetu yote yako kwenye daftari la huyu mama."

Sajini alichukua daftari. Alisoma jina la Runji katikati ya majina ya weupe. Alitazama mikono yote iliyoinuliwa. Bunduki zilishuka moja moja.

"Na ndui bado iko?" aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida.

"Iko Kianjai, iko njiani," Njoka alisema. "Lori lako linapita wapi leo?"

"Kianjai."

 Njoka alifungua sanduku lake.

"Na mkono wako, mwanangu, una alama?," Mama Karwirwa alisema.

Tangu Hali ya Hatari ianze, askari ndio waliouliza watu majina, na watu walijibu wakiwa wamekaa chini. Sajini alivua kofia. Alikunja shati, akasimama mbele ya meza, na askari wake wakajipanga nyuma yake.

Wambeti alimpa Mwirigi mtoto. Alifungua ukurasa mpya, akashika kalamu vizuri.

"Jina?" alimwuliza.