Mteja wa Ngazi ya Almasi

SAA NNE KAMILI ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la simu lililofungwa tangu mwaka jana. Dirisha limezibwa kwa boksi. Kompyuta sita juu ya meza, feni moja mbovu, wanaume watatu.

Fundi ndiye aliyesimama. Mpango ulikuwa wake.

"Nasema mara moja. Sirudii."

"Kila siku hurudii, na kila siku unarudia," Shemeji alisema. Huyu alikuwa kaka wa mke wa Fundi. Kazi yake ilikuwa kupokea hela zikiingia na kuzitoa taslimu kabla hazijapoa.

Fundi akampuuza. "Kampuni ya poka, karata za hela mtandaoni, inakata ada kwenye kila mchezo. Mezani ikiwekwa mia, tano ni yao, ashinde yeyote. Halafu, ili mchezaji asihame, inamrudishia kidogo kwa pointi. Siku zote wanarudisha kidogo kuliko walichokata. Si wajinga."

"Ila?"

"Ila mwezi huu wametoa ofa mbili kwa mpigo. Pointi mara mbili kwa meza za watu wawili. Mara mbili tena kwa mteja wa ngazi ya Almasi, ile ya juu kabisa. Hakuna aliyekaa chini akazizidisha. Mimi nimekaa. Almasi akilipa ada ya mia, anarudishiwa mia na arobaini."

Na Almasi walikuwa naye. Mwalimu mstaafu, miaka sitini na minane, mtu wa karatasi tu. Mikono yake ilikuwa ya Kidole, wa tatu wao, aliyekuwa kimya kwenye kona. Kidole ndiye aliyecheza. Akaunti thelathini za uongo zikipigana na mwalimu wa uongo, zote zikichezwa na kijana mmoja asiyeota jua. Hela ilizunguka humo humo. Pointi zikarundikana.

"Ofa inafungwa saa tisa," Fundi alisema. "Kesho wahasibu wao watashtuka. Leo bado wamelala. Saa nane na dakika arobaini tunaomba malipo yote."

"Nani anaidhinisha?"

Fundi akamgeukia Kidole. "Yule dada wa kampuni anayekupigia simu."

Kidole akainua macho. "Yeye? Si kuna ofisi?"

"Kila Almasi ana afisa wake. Huyo huyo ndiye anayebonyeza. Tukishachukua, tunavunja laini. Watamshukia yeye."

"Atafukuzwa?"

"Atafukuzwa, atashtakiwa, mimi nitajuaje? Kwani ni mama yako?"

Shemeji akacheka. Kidole hakucheka.

SAA SITA NA NUSU MCHANA

Alicheza. Alijitishia mwenyewe, akajiogopa mwenyewe, akajifunga, akajilipa. Kila mchezo kampuni ilikata chake na kila mchezo pointi za mwalimu zilipanda. Kazi ya kichaa, ukiitazama vizuri.

Ukweli ni kwamba Kidole alikuwa mpweke, na upweke wake haukuwa wa mashairi. Alilala kwenye godoro chini ya meza ile. Alikula amesimama. Zilipita siku tatu, nne, bila mtu kumuuliza chochote zaidi ya "imefika ngapi?"

Isipokuwa Jumanne. Almasi hupigiwa simu na afisa wake kila Jumanne. Ni sehemu ya zawadi. Usipopokea, akaunti inachunguzwa. Mara ya kwanza Fundi alikaa pembeni yake kusikiliza. Kidole alikwaruza sauti akawa mzee, na kwa kuwa mzee asiyeumwa haaminiki, akajitungia goti bovu. Dada akamwambia alikande kwa maji ya moto. Jumanne iliyofuata akauliza: goti linaendeleaje?

Basi akanasa. Miezi kumi na moja. Amri ya Fundi ilikuwa dakika mbili, lakini Fundi alipokuwa hayupo simu ilifika dakika arobaini. Alimwambia dada yule mambo ya uongo ya mwalimu, na katikati akachomeka ya kweli yake. Kwamba mama yake alifariki na yeye hakuwahi mazishi. Dada akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kidole aliishi kwa pole ile wiki nzima.

SAA NANE NA DAKIKA AROBAINI

Akabonyeza. Ombi likaenda.

Shemeji alikuwa anafunga nyaya kwenye mkoba. Fundi alitazama saa, akatazama mlango, akatazama saa.

SAA NANE NA DAKIKA AROBAINI NA SITA

Simu ikaita. Fundi akainua vidole viwili. Dakika mbili.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Goti?"

"Lipo lipo tu."

"Nimeona umeomba malipo makubwa. Unataka kutukimbia?"

Fundi alitikisa kichwa: sema hapana. Kidole alimsikia dada akitabasamu kule kwenye simu. Sauti ya mtu anayetabasamu inajulikana. Akaiacha sauti ya mzee, akaongea kwa yake.

"Dada, usiidhinishe. Ni wizi. Watakufukuza."

"Nani anaongea?" Sauti ilikuwa imebadilika. "Mzee yuko wapi?"

"Hakuna mzee. Zuia malipo, tafadhali."

"Nimeshaidhinisha." Alisema polepole sana. "Kanuni inataka nipige kwanza. Nikasema mzee ana goti, nimsubirishe ya nini. Nilipiga kukusalimia tu."

Simu ya Shemeji ikalia. Ikalia tena. Hela zilikuwa zinaingia.

Ngumi ya kwanza ilimpata Kidole mdomoni, ya pili akaipokea akiwa chini ya meza, ameikumbatia simu kwa mikono miwili. Shemeji akamvuta mguu.

"Mwache!" Fundi alifoka. "Wakifunga akaunti kabla hatujatoa, tumekwisha! Twende!"

Akainama, akamtazama Kidole usoni. Hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana amechoka.

"Mgao wako umeupoteza kwa mdomo wako," akasema.

Wakatoka. Kufuli likabana kwa nje.

SAA NANE NA DAKIKA HAMSINI NA MBILI

"Upo?" dada aliuliza.

"Nipo." Alitema damu.

"Goti?"

"Zima."

"Na mama yako?"

"Huyo ni kweli."

Alimsikia akilia, kisha akimwita mtu, kisha viti vikisukumwa. Aliporudi, sauti ilikuwa kavu, ya ofisini.

"Nimevunja kanuni kwa ajili yako. Unaelewa? Nina watoto wawili."

"Andika kwamba nilikudanganya. Miezi kumi na moja. Andika jina langu."

Akamtajia, yote matatu, herufi moja moja. Akataja mtaa, duka, chumba. Akataja Fundi na Shemeji, na gari lao. Dada aliandika, akamsomea kuhakikisha. Kidole hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alilisikia jina lake likitamkwa na mtu mwingine.

"Usikate simu," dada akasema.

Ndivyo maafisa wa kampuni wanavyofundishwa: mtu ashikiliwe kwenye laini mpaka askari wafike. Kidole alilijua hilo. Akatoka chini ya meza, akavuta kiti, akakaa.

"Sikati," akasema.