Tone Nyuma ya Sikio

Kwetu sebule ndiyo saluni. Asubuhi unapiga mswaki, mteja wa mama yuko chini ya mashine ya kukaushia nywele, anakukodolea macho. Na mama ana sheria moja haina mjadala: hampaki mtu rangi ya nywele bila kwanza kumpaka tone nyuma ya sikio na kungoja siku mbili. Ngozi ikikubali, sawa. Ikikataa, rudi na mvi zako.

Sasa Alhamisi moja, mdogo wangu, tunayemwita Chiriku kwa kupiga domo, alitumwa ampake bibi hilo tone. Jumapili dada yake bibi alikuwa anakuja. Hawajaonana miaka kumi na minane! Bibi alitaka nywele nyeusi tii. "Asije akanikuta mzee kuliko yeye, na mkubwa ni yeye," alisema.

Chiriku akaenda kuruka kamba. Tone likasahauliwa.

Jumamosi mama akavaa glavu, akakoroga rangi kwenye kibakuli. "Chiriku, bibi yako ulimpaka?"

"Nilimpaka."

Mama akamgeukia bibi. Bibi akaona midomo ya mjukuu wake inatetemeka. "Alinipaka bwana. Mke mwenzangu huyu atanisahau vipi?"

Mimi sijui kukaa bure. Nikaokota boksi la rangi, nikasoma maandishi yake madogo kama mtangazaji wa redio: "Rangi hii inaweza kuvimbisha uso na macho..."

Brashi ilikuwa karibu kugusa utosi wa bibi. Chiriku akaudaka mkono wa mama. "Mama, usipake! Sikumpaka! Nilisahau, nikadanganya!" Akaangua kilio.

"Hata mimi nimedanganya," bibi akasema taratibu. "Nilimwonea huruma. Lakini mwaka juzi si nilipaka, nikadhurika nini? Paka tu mwanangu, kesho dada anakuja."

Mama akaweka brashi chini. "Mwili hubadilika, mama. Wa mwaka juzi si wa leo." Akampaka tone moja tu, nyuma ya sikio. Bibi akajifunga kitambaa kichwani. Chiriku akashinda amekaa miguuni pake.

Jumapili mgeni akashuka kwenye teksi. Kichwa cheupe pee, kama pamba! Bibi akamtazama, akavua kitambaa chake. Walicheka wale vikongwe, mpaka wakashikana wasianguke.

Jumatatu nyuma ya sikio la bibi pakavimba, pana vipele vya maji, panawasha kama upupu. Mama akamwita Chiriku aone.

"Hilo ni tone moja. Ingekuwa kichwa kizima, leo tuko hospitali na bibi yako hafungui macho." Akamvuta, akamkumbatia. "Kusahau tunasahau wote, mwanangu. Ukisahau, sema. Nitakugombeza, yataisha. Uongo ndio hauishi, unamwangukia mwingine. Na wewe mama, ukimpenda usimfichie."

"Nimesikia," bibi akasema, anajizuia kujikuna. "Tena kwa sikio hilihili."